Plagi ya Silinda ya Tatu na Vifaranga Mia Tatu wa Minza

Mmeniuliza tangu Jumatano kwa nini safari ya siku moja ilinichukua siku tatu, na kwa nini nimerudi nimenuna hivi. Pale chumba cha walimu niliwajibu kwa mkato, na niliona jibu halikuwatosha. Basi naandika. Hasira isiyoelezwa ni kelele tu, nami kazi yangu ni kueleza.

Kwa wasiomjua, Minza ni mdogo wangu wa mwisho. Anaishi nje kidogo ya mji wa Bariadi, na pamba imemwangusha misimu miwili mfululizo. Mwaka huu yeye na wanawake wenzake wanne waliamua kufuga kuku. Banda walilisimamisha wenyewe, wakalisiriba kwa udongo, wakamwaga maranda chini, wakaweka majiko mawili ya kulipasha joto. Kilichobaki ni vifaranga, na vifaranga niliahidi kuwapeleka mimi, mia tatu, kutoka hapa Dodoma.

Niwaeleze jambo moja, maana habari yote inasimama juu yake. Kifaranga akitoka kwenye yai huwa na akiba ya kiini tumboni. Akiba hiyo humfikisha kama siku tatu bila maji wala chakula. Zikipita, anaanza kulala, na akilala hivyo hainuki. Wa kwangu walianguliwa Alhamisi usiku. Kwa hiyo hadi Jumapili jioni walitakiwa wawe wamekunywa maji kwa Minza.

Dodoma hadi Singida: nikiwa bado na majivuno

Niliondoka Ijumaa alfajiri, maboksi matatu yamekaa kiti cha nyuma, kila boksi vifaranga mia. Gari langu mnalijua, ni lile dogo lenye mgongo mrefu ambalo huko kwetu lingekuwa teksi ya mchomoko, linabeba abiria tisa wakati lina viti vitano. Alhamisi jioni nilikuwa nimelihudumia mwenyewe. Nilibadilisha oili. Plagi nilizifungua zote nne, nikazipiga msasa, nikazisuuza kwa petroli, nikazirudisha. Kwa nini nimpe fundi kazi ninayoifundisha darasani kila mwaka? Plagi ni kijiti cha chuma chenye kauri nyeupe kiunoni. Umeme unashuka ndani yake, unaruka mwanya mdogo kule chini, cheche inawasha mchanganyiko wa hewa na petroli, pistoni inasukumwa. Basi.

Gari liliteleza hadi Singida kama linashushwa kwa kamba. Nilisimama kula mchana, na mhudumu akaniletea kuku wa kienyeji kabla sijaagiza, kwa sababu Singida ukikaa mezani wanajua umefuata nini. Nje ya dirisha, ndani ya gari, vifaranga mia tatu walikuwa wanalia. Nikamwomba abadilishe, aniletee maharage.

"Kuku wetu wana nini?" akauliza.

"Hawana kitu. Nina watoto kwenye gari."

Akachungulia dirishani, akanitazama, akaondoka na sahani. Maharage yalikuja yamepoa. Hiyo ndiyo ilikuwa hasira yangu ya kwanza katika safari, na leo natamani ingekuwa ya mwisho.

Singida hadi Nzega: kikohozi cha kwanza

Baada ya Igunga nilitoka kulipita lori la mahindi. Nikakanyaga mafuta, na badala ya kuchomoka gari likakohoa. Likatikisika mwili mzima, kama mtu aliyepaliwa, taa ya injini ikawaka, na nguvu zikaniishia nikiwa ubavuni mwa lori na basi linakuja mbele. Dereva wa lori aliniona, akashika breki, akaniachia nafasi. Sijui jina lake na sitamwona tena. Namshukuru hapa.

Mafundi wetu wanaita hali hiyo misi. Injini ina silinda nne, kila moja ina zamu yake ya kulipuka. Moja ikikosa zamu, zile tatu zinaibeba, na wewe unausikia mzigo huo kwenye usukani, kwenye kiti, hadi kwenye meno. Niliingia Nzega jioni kwa mwendo wa baiskeli.

Mwenye gesti alikataa vifaranga kuingia chumbani. Nilimweleza habari ya kiini na siku tatu, akanisikiliza hadi mwisho, akakataa tena. Nikaanza kumweleza upya. Akachoka, akanipa chumba cha stoo na madumu mawili ya maji ya moto ya kuweka kati ya maboksi. Huyo naye alinikasirisha, lakini asubuhi vifaranga wote walikuwa wima.

Nzega hadi Shinyanga: dawa ya mafuta

Fundi wa Nzega hakufungua hata boneti. Alinusa bomba la moshi, akauliza, "Mafuta umeweka wapi, mzee?"

"Singida."

"Ndiyo hayo. Mafuta yana maji."

"Umejuaje?"

"Nimenusa."

Ningeondoka, lakini nilikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka humwamini anayejibu upesi. Akatoa chujio la mafuta, akalipuliza, akatoa petroli yote kwenye tangi, akamimina nyingine. Nilimwambia kwa faida yake kwamba plagi asihangaike nazo, nimezisafisha mwenyewe juzi. "Sawa, mzee," akasema, na hakuhangaika nazo. Ilipofika saa sita mchana tukawasha. Injini ikanguruma vizuri kabisa, haina hata mtikisiko. Akanipa mkono kama mtu aliyefaulu mtihani, nami nikampa wangu.

Hapo ndipo gari lilipotudanganya sote wawili, na niwaeleze lilivyotudanganya ili lisije likawadanganya na ninyi. Kuna ubovu unaojitokeza injini ikishika moto na ikibeba mzigo tu. Gari lilikuwa limelala usiku kucha, limepoa. Ungeweza kulipulizia chujio, kuliombea, au kulifuta kioo cha mbele, na bado lingewaka vizuri. Fundi anayepima gari lililopoa, limesimama, ni sawa na daktari anayempima kitandani mtu anayeumwa akikimbia tu.

Kabla ya kuiona Shinyanga lilikohoa tena.

Nilipoingia mjini Minza akapiga simu. "Kaka, umefika wapi?"

"Shinyanga. Gari linasumbua kidogo."

"Wapakie basi la Bariadi, yapo ya jioni. Sisi tutawapokea stendi."

Wazo lilikuwa zuri, na lilikuwa lake. Nikamjibu kwa sauti ninayoitumia kwa kidato cha kwanza: "Minza, kondakta atawaweka buti, watakufa kwa joto. Gari linatengenezwa sasa hivi, ni saa moja tu."

Akasema, "Haya. Majiko yamewashwa."

Shinyanga: mashine inasema namba tatu

Fundi wa Shinyanga anaitwa Maduhu, na huyo nilimfurahia mwanzoni kwa sababu ana mashine. Nilijitambulisha kuwa mwalimu, akachomeka waya chini ya usukani, kioo kikawaka, akasoma. "Silinda namba tatu, Mwalimu. Inamisi."

Niliona mwanga. Huyu hakunusa, huyu amepima. Akafungua boneti, mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye silinda ya tatu, akachomoa koili, yaani kile kidude kinachokaa juu ya plagi na kuipa umeme mkali. Akainua soketi ndefu ya kufungulia plagi.

"Hiyo acha," nikamwambia. "Plagi ni nzima. Nimezisafisha mwenyewe Alhamisi."

"Niiangalie tu, Mwalimu."

"Ninafundisha hiyo, kijana. Utapoteza muda wako na wangu."

Akairudisha soketi kwenye sanduku taratibu. "Basi itakuwa koili."

Koili ya gari langu haikuwepo Shinyanga nzima. Iliagizwa Kahama, ilikuwa ipande basi la jioni, ikalikosa, ikapanda la asubuhi. Jumamosi yote iliyobaki ikaishia pale chini ya bati la gereji. Mchana joto la bati lilikuwa linashuka kama uji. Niliyatoa maboksi nje, nikayahamisha kila kivuli kilipohama, kutoka ukutani hadi chini ya mlango wa lori bovu, hadi kwenye baraza ya mama anayeuza chakula jirani. Yule mama, tangu aniwekee sahani ya wali, hakuuliza swali hata moja. Alichukua kanga yake, akailowesha, akaitundika juu ya maboksi ili upepo upite ukiwa baridi. Nilipotaka kumweleza kwa nini kitambaa chenye maji hupoza hewa, akasema, "Kula, Mwalimu."

Jioni nilihesabu kupitia matundu ya maboksi. Saba walikuwa wamelala na hawakuamka.

Walioniuzia vifaranga walikuwa wameniambia nisifungue maboksi njiani hata kidogo, watapata baridi, watasambaa. Nikatii. Nilikuwa na maji kwenye gari, lita tano, na sikufungua boksi kuwanywesha. Hili linaniuma kuliko koili.

Jumapili, watu walipotoka misa ya kwanza, koili ilifika. Maduhu akaifunga. Tukawasha. Injini ikanguruma vizuri kabisa. Nadhani mmeshajua kwa nini.

Malampaka: mtu mwenye shida ya vifaranga mia tatu

Nilifika Mwigumbi, nikakata kulia kuelekea Maswa, na kwenye kilima cha kwanza likakohoa kuliko siku zote. Sasa lilikuwa linapiga na mlio kwenye bomba la moshi, pa, pa, kwa sababu petroli isiyowaka ndani ya silinda inakwenda kuwakia nje. Nilisimama pembeni, nikashuka, nikalipiga teke tairi. Mtu wa bodaboda akapunguza mwendo.

"Mzee, gari halina mkosi, lina ubovu," akasema. "Nenda Malampaka, kwa Jilala. Anatengeneza mashine za kuchambulia pamba. Kwa huyo gari ni mchezo."

Nikaenda Malampaka kwa silinda tatu, vumbi limejaa mdomoni, dirisha wazi kwa ajili ya vifaranga. Karakana ya Jilala haiko mbali na stesheni ya treni. Ni ukuta mmoja, bati moja, na vipande vya mashine vimepangwa chini kwa ukubwa kama watoto wa shule mstarini. Ilikuwa karibu saa saba.

Nilipotoa maboksi kuyaweka kivulini watu wakaanza kukusanyika. Wakachungulia matundu, wakasikia sauti, wakanitazama, wakaanza kunong'ona Kisukuma. Mimi ni Msukuma, wao hawakujua.

"Mia tatu?" mmoja akauliza.

"Mia tatu. Nimeona yameandikwa."

"Shida gani hiyo ya kupasuliwa vifaranga mia tatu?"

"Labda ni mbunge."

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Mtu wa zamani akiwa na jambo lisiloeleweka, ugonjwa au mifugo inayokufa, hubeba kifaranga hadi kwa mfumu, yaani mganga. Mfumu humpasua, husoma alama ndani ya mwili wake, kisha hutamka chanzo. Kifaranga mmoja, shida moja. Mtu anayeshuka na gari linalokohoa, uso umevimba kwa hasira, na vifaranga mia tatu, kwa hesabu yao ana shida ya kufuta ukoo.

Nikageuka. "Mwadila," nikawasalimu kwa Kisukuma. Wakashtuka, wakacheka kwa aibu, wakajibu. "Hawa ni wa kufuga. Wanakwenda Bariadi kwa dada yangu, na wanakufa."

Kwenye benchi la Jilala alikuwa amekaa mama wa makamo, amevaa miwani ya jua, anasubiri mnyororo wa pikipiki yake. Mwanamke mmoja akamwita: "Mama Holo, umeletewa kazi hadi huku." Watu wakacheka tena. Ndipo nikajua kwamba mfumu mwenyewe ndiye huyo.

Akasogea, akafungua boksi bila kuniomba, akamtoa kifaranga mmoja, akamgeuza kiganjani.

"Mayu, samahani," nikasema, maana mayu kwetu ni mama, na sauti yangu haikuwa ya samahani. "Sina kifaranga wa kupasua."

"Nani amekuomba?" akasema. "Hawa wa mashine hawasemi kitu. Hawana mama." Akamtazama mdomo. "Huyu ana kiu. Umewanywesha lini?"

"Waliniambia nisifungue."

"Waliokuambia wako wapi sasa?"

Akavua miwani, akaagiza maji, akaagiza vizibo vya chupa. Akanionyesha: unamshika kifaranga kwa vidole viwili, unachovya ncha ya mdomo mara moja tu, anainua kichwa, anameza, unamweka upande wa pili. Watu walewale waliokuwa wananisengenya wakachuchumaa wakaanza kuchovya. Mzee mmoja alikuwa anamwita kila kifaranga kwa jina la ng'ombe. Kati ya watu hao simjui hata mmoja.

Wakati huo Jilala alikuwa ameinamia injini. Ni mtu wa maneno machache, mikono imeungua ungua. Hakuuliza mafuta niliweka wapi. Akaniambia niwashe, nilipandishe mlio, nilishikilie hivyo hadi lishike moto. Huyo ni wa kwanza kulipima gari likiwa na homa. Likaanza kutikisika. Akachomoa soketi ya umeme ya koili ya kwanza, injini ikadhoofika zaidi, akairudisha. Ya pili, ikadhoofika. Ya tatu akachomoa, na hakuna kilichobadilika. Mmeelewa? Ukimnyang'anya kazi anayefanya kazi, pengo linaonekana. Ukimnyang'anya asiyefanya, hakuna anayejua.

"Koili hii ya lini?"

"Ya leo asubuhi."

Akazima, akaihamishia silinda ya kwanza, ya kwanza akaileta ya tatu, akawasha, akarudia. Ubovu ukabaki palepale silinda ya tatu. Kama ungekuwa wa koili, ungehama na koili. Ni jaribio la dakika kumi, halina gharama, na Maduhu angeweza kulifanya Jumamosi mchana. Nilisimama pale nimekunja ngumi kwa ajili ya Maduhu.

"Plagi?" Jilala akauliza.

"Nzima. Nimezisafisha mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa fizikia."

"Haya, Mwalimu," akasema, akafuta mikono, akaanza kukagua nyaya. Alikuwa amefika kwenye mlango wa ubovu wenyewe, na akageuka kwa sababu nimesema. Nilimwona akigeuka, na hata hapo sikuelewa.

Mama Holo alikuwa na kifaranga mkononi. Hakuinua kichwa. "Jilala, mimi mgonjwa akija akaniambia hapa usiguse, hapa ni pazima, unajua naanzia wapi?"

Jilala akasimamisha mkono kwenye nyaya.

"Naanzia hapohapo."

"Ni mwalimu, mayu," Jilala akasema kwa sauti ndogo.

"Kwangu wanakuja hadi mapadri."

Watu wakacheka. Mimi damu ilipanda hadi masikioni. Nilitaka kumwambia kwamba gari si mgonjwa wa mizimu, kwamba kuna sayansi ya mambo haya. Kisha nikaona kwamba kati ya watu wote niliokutana nao tangu Ijumaa, yeye ndiye pekee aliyesema kitu kifunguliwe ingawa nimekataza. Mfumu hupasua kwanza, ndipo anasema. Mimi na mafundi wangu tulikuwa tunasema siku tatu bila kupasua.

"Fungua," nikamwambia Jilala.

Akazitoa zote nne, akazipanga juu ya kitambaa. Plagi ukijua kuisoma inakwambia kila kitu. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia iliyopauka, kavu, ingawa mwanya wake ulikuwa umepanuka na ncha zimelika, zimekuwa za mviringo kama sabuni iliyotumika. Zimechakaa, na msasa wangu haukurudisha chuma kilichokwisha, uliongeza kukila. Ile ya silinda ya tatu ilikuwa nyeusi, imelowa, inanuka petroli. Jilala akaifuta kauri yake, akaigeuzia mwanga. Kulikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, na juu ya ufa mstari mweusi. Umeme ulikuwa unapita hapo, unavuja ubavuni badala ya kushuka hadi kwenye mwanya. Injini ikipoa ufa unabana. Ikipata moto unafunguka.

"Hii ilianguka," Jilala akasema.

Ilianguka. Alhamisi jioni, sebuleni, iliniponyoka mkononi ikagonga saruji. Niliiokota, nikaipuliza, nikaona ncha haijapinda, nikairudisha kwenye injini. Sikuikumbuka tena hadi dakika ile.

Hasira niliyoibeba kutoka Igunga, ya fundi wa mafuta, ya Maduhu, ya koili iliyokosa basi, sikuwa na pa kuitua. Nilichuchumaa, nikamchukua kifaranga, nikachovya mdomo wake majini. Hakuinua kichwa. Nikajaribu tena. Mama Holo akamchukua mkononi mwangu, akamweka pembeni na wengine.

Jilala alikuwa na plagi nne za aina ya kawaida, urefu sawa na uzi sawa. Akapima mwanya kwa wembe wa msumeno wa chuma, akafunga kwa mkono kwanza, kisha spana robo mzunguko. Nilipowasha hatukushangilia. Tulisubiri lishike moto. Akapandisha mlio hadi kuku wa jirani wakakimbia. Halikukohoa.

"Wabeja," nikawashukuru wote. Mama Holo akanipa vizibo sita vya chupa nikanyweshe njiani.

Malampaka hadi Bariadi, kupitia Nyalikungu

Nyalikungu nilisimama dakika chache, nikanunua chupa ya maji na michembe ya viazi vitamu vikavu ya kutafuna, kwa sababu tangu asubuhi sikuwa nimekula. Muuzaji aliniuliza kwa nini nalia. Nilimwambia ni vumbi, na kweli vumbi lilikuwepo.

Kutoka hapo lami ni nzuri, mashamba ya pamba pande zote, na gari lilipanda kila kilima kama halijawahi kuumwa. Nilitumia barabara yote hiyo kutunga hotuba. Hotuba ilihusu mafundi wa siku hizi, wavivu, wasiopima, wanaobahatisha kwa mali ya watu. Ilikuwa hotuba nzuri na kila neno lake lilikuwa kweli.

Nilifika kwa Minza jua likiwa bado mtini. Wanawake watano walikuwa mlangoni mwa banda, wamevaa nguo safi kama wanaopokea bibi harusi. Hawakunisalimia, walichukua maboksi. Tukawatoa mmojammoja, mdomo majini, kisha kwenye maranda ya joto. Minza alikuwa anahesabu kwa sauti. Alipofika mia mbili sitini na moja akatazama ndani ya boksi la mwisho, akaliinamisha. Thelathini na tisa walikuwa wamekufa.

"Mafundi hawa," mmoja wa wanawake akasema. "Siku tatu wanamzungusha mtu mzima."

"Washenzi," mwingine akasema.

Hotuba ilikuwa tayari mdomoni. Walikuwa wameniwekea hadi kiti. Minza akanitazama. "Nini kiliharibika, Kaka?"

Nikatoa plagi mfukoni, nikaiweka kwenye kiganja chake, nikamwonyesha ufa. Nikamwambia niliiangusha mimi, niliirudisha mimi, na kila aliyetaka kuifungua nilimkataza mimi. Nikamwambia kwamba ningewapakia basi la Jumamosi, wangefika wote.

Vifaranga walikuwa wanalia. Minza aliigeuza plagi, akanirudishia.

"Hasira nitakuwa nayo kesho," akasema. "Leo nina kazi. Shika jiko upande ule, moto umepungua."

Na kesho yake alikuwa nayo kweli, tangu asubuhi hadi nilipoondoka. Nilikaa nikasikiliza yote, nikila michembe na karanga alizonipikia huku ananisema. Sikumweleza chochote.

Kurudi: Shinyanga tena

Jumanne nilipita kwa Maduhu. Naye nilikuwa namdai neno, na sikutaka lichachie ndani. Nilimkuta chini ya gari, nikamwonyesha plagi kabla hajatoka.

"Ilikuwa hii," nikasema. "Mashine ilikwambia namba tatu. Soketi ilikuwa mkononi mwako. Kwa nini hukufungua?"

Akakaa, akaifuta kwa shati. "Mwalimu, ulisema ni nzima."

"Nilisema. Wewe ndiye fundi."

"Ningeng'ang'ania ungeniruhusu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mama wa chakula alikuwa amesimama barazani kwake anasikiliza, na alikuwepo siku ile.

"Nisingekuruhusu," nikasema. "Ungefungua hivyohivyo, huku nakufokea."

"Unajua kufoka, Mwalimu."

"Najua."

Akaigeuza plagi kwenye mwanga hadi akauona ufa. Akapiga mluzi mdogo. "Na vifaranga?"

"Walikufa thelathini na tisa."

Bado nilikuwa nimemkasirikia, na hadi leo ninapoandika hivi bado. Fundi asiyefungua kwa sababu mteja ana cheo, huyo bado hajawa fundi. Lakini nilijua hasira ile tunaigawana, na fungu langu ndilo kubwa.

Akachukua kipande cha waya, akaifunga plagi shingoni, akaitundika kwenye msumari juu ya benchi lake, mahali ambapo kila anayeingia gereji lazima aione.

"Akija mteja akaniambia hapa usiguse, nitamwonyesha hii," akasema. "Nitawaambia ni ya Mwalimu."

"Waambie," nikasema. "Na idadi ya vifaranga uwaambie."